Jana Novotná hakuwa "yule aliyelia" tu

Kila jina la Jana Novotná, mcheza tenisi wa Czech, likitajwa watu wanakumbuka kitu kimoja tu, fainali ya Wimbledon 1993, akiongoza 4-1 seti ya tatu dhidi ya Steffi Graf, ana pointi ya kwenda 5-1, akakosea sevu mbili mfululizo, mechi ikageuka akafungwa, halafu kwenye kupokea zawadi akamlilia begani Duchess of Kent, mama wa familia ya kifalme ya Uingereza aliyekuwa akikabidhi zawadi. Basi wanahitimisha, huyu alikuwa mwoga wa fainali, hakushinda kitu.

Jamani si kweli kabisa! 1997 alirudi fainali akafungwa na Martina Hingis, na 1998 akarudi tena, akamtoa huyohuyo Hingis nusu fainali kisha akampiga Nathalie Tauziat 6-4, 7-6 akabeba kombe, na Duchess yuleyule ndiye aliyemkabidhi. Alikuwa na miaka 29. Mtu mwoga harudi mara mbili pale pale alipoumia.

Na hapo sijagusa dabo, yaani wawili kwa wawili, ambako ndiko alikuwa moto kweli: mataji 12 ya Grand Slam (yale mashindano manne makubwa ya tenisi) ya dabo ya wanawake, mengine 4 ya mchanganyiko wa mwanamke na mwanamume, na aliwahi kuwa namba moja duniani. Singo, yaani mmoja kwa mmoja, alifika namba mbili. Olimpiki ana medali tatu.

Alifariki Novemba 2017 kwa kansa, ana miaka 49 tu, inauma. Barbora Krejčíková, mchezaji ambaye Jana mwenyewe alimfundisha, alichukua Wimbledon 2024, na jina la Jana liko kwenye ubao uleule wa mabingwa.