Afisa ajira wa Umoja wa Mataifa hagawi kazi

Kwa miaka mingi watu wameamini kwamba ukimjua afisa ajira wa Umoja wa Mataifa, kazi umeshaipata. Sivyo. Afisa huyo hukagua kama mwombaji ametimiza masharti ya tangazo: elimu, miaka ya uzoefu, lugha. Kwa nafasi za kawaida za Sekretarieti, yaani ofisi za utendaji za Umoja huo, anayewapima waombaji ni meneja mwenye nafasi hiyo, akiwa na jopo la usaili. Baadaye chombo cha mapitio huangalia kama utaratibu umefuatwa, ndipo mkuu wa idara huteua. Afisa ajira huulinda utaratibu huo. Kura ya mwisho si yake.

Katika kuajiri, Ibara ya 101 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945 hutanguliza ufanisi, uwezo na uadilifu, kisha hutaka watumishi watoke pande nyingi za dunia kadiri iwezekanavyo.

Linaloniuma ni matapeli wanaoishi kwa imani hii potofu. Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote ya ajira: si ya maombi, si ya usaili, si ya mafunzo. Anayekudai pesa, hata barua yake iwe na nembo, ni tapeli.