Je, wajua boila la nyumbani hutoaje umeme, na kwa nini Mwanza halitakiwi?

Mwambie mtu wa Igoma, hapa Mwanza, kwamba Uingereza zipo nyumba ambako mtambo wa kupasha maji hutoa na umeme wa taa. Atakuuliza, maji yanatoaje umeme? Hayatoi. Kazi yote ni ya moto.

Boila la kawaida huchoma gesi na kupasha maji yanayozunguka mabombani ili vyumba vipate joto. Hili jingine limeongezewa injini ya Stirling, aliyoibuni mchungaji wa Uskoti, Robert Stirling, mwaka 1816. Ndani yake imefungiwa gesi kama heliamu. Moto ukiipasha upande mmoja, inatanuka. Maji yanayorudi kutoka vyumbani yakiipoza upande wa pili, inasinyaa. Pistoni inakwenda na kurudi, sumaku yake inapita ndani ya koili (waya uliozungushwa mara nyingi), umeme unapatikana. Maji nayo yanaondoka na joto yaliloipokonya gesi ile, tayari kwa vyumba. Boila la aina hii hutoa takriban kilowati 1 ya umeme kwa kilowati 6 za joto.

Hapo ndipo penye shughuli. Umeme huu hufuata joto: nyumba isipotaka joto, injini inasimama. Wajapani, ambao tangu 2009 wanauziwa mitambo ya Ene-Farm yenye seli za fueli (zinazotoa umeme na joto kwa njia ya kemia) badala ya injini, wana maji ya moto ya kuoga ya kutosha kuupa mtambo kazi. Sisi huku, mchana nyuzi 28, nani apashe sebule? Isitoshe, gesi yetu ni ya mitungi. Bomba kutoka Mtwara liliishia Dar es Salaam.

Kandokando ya ziwa, wanaohitaji joto kweli ni viwanda. Kiwanda cha sukari cha Kakira, karibu na Jinja, Uganda, huchoma makapi ya miwa. Mvuke unazungusha mashine ya umeme kwanza, kisha unakwenda kuchemsha maji ya miwa. Umeme unaozidi huuzwa kwenye gridi ya Uganda.

Viwanda vya minofu ya sangara Mwanza vinataka baridi, lakini hata baridi hutengenezwa kwa joto. Friji za mafuta ya taa zilizotunza chanjo kwenye zahanati zisizo na umeme zilifanya hivyo: moto unachemsha mchanganyiko wa amonia na maji, amonia inatoka kama mvuke, inapoa ikawa kimiminika, na inapogeuka tena kuwa mvuke inanyonya joto la ndani ya friji. Ipo mitambo mikubwa ya kanuni hiyo hiyo inayotumia joto la moshi wa jenereta. Kwa maoni yangu, mwenye hela za majaribio Mwanza aanzie huko. Boila la sebuleni awaachie wenye baridi yao.