Ukubwa wa kiraka hutoka kwenye upana wa kikwembe

Anayetaka kushona kitandiko cha viraka (wengi hapa Bukavu watakuambia kuvreli) huanza kwa kuchagua kiraka. Mimi naanza na upana wa kikwembe, yaani kitenge. Kikwembe kipya kina karibu sentimita 117. Kifue kwanza, kipige pasi, toa kingo zenye maandishi, kisha hesabu 112 tu.

Kiraka cha 15 hukatwa 17, maana kila ukingo unaongezewa sentimita 1 ya mshono. Kwenye 112 vinaingia sita, 10 zinabaki taka. Kiraka cha 20 hukatwa 22: vinaingia vitano, zinabaki 2. Hapo hakuna mjadala.

Kitanda cha 140 kwa 190 kinataka kitandiko cha 200 kwa 220, kishuke 30 kila ubavu na 30 miguuni. Ni viraka 10 kwa 11, yaani 110. Vitano vitano ni mikato 22 ya sentimita 22, na 22 × 22 ni 484. Kikwembe kizima cha yadi 6 ni karibu sentimita 549. Hata zikipungua kwa kufuliwa zinatosha.

Hatari iko kwenye mshono. Ukishona milimita 12 badala ya 10, utaona ni kitu kidogo. Lakini kila mshono unakula pande mbili, hivyo umepoteza milimita 4. Safu ya viraka 10 ina mishono 9: sentimita 3.6 zimekwenda, na safu hiyo haitalingana na jirani yake. Kabla ya yote, unga viraka vitatu vya majaribio, piga pasi, pima cha katikati. Kikisoma 19.8, sogeza mshono nje milimita 1. Na upime kwa rula ya chuma. Utepe wa zamani hurefuka kwa kuvutwa.

Viraka vya pembetatu mbili ndivyo vinavyowaangusha wengi. Wanakata mraba wa 22, wanaupasua katikati kwa mshazari, wanaunga, wanapata 18.6 badala ya 20. Mshono wa mshazari unakula sentimita 1.4 zaidi ya zile 2. Kwa hiyo ongeza 3.4, mimi nakata 23.5 halafu napunguza baada ya kuunga. Bei yake ni hii: kwenye 112 sasa vinaingia vinne tu. Ukingo wa mshazari nao haufuati mtande wala mshindio (nyuzi za urefu na za upana), unavutika. Kandamiza pasi, usiiburute.

Pindo la pembeni, ukanda unaozunguka kitandiko, usilipime ukingoni, kwa kuwa ukingo umeshavutika. Pima katikati na karibu na pande zote mbili, chukua wastani, kata mapindo mawili yaliyo sawasawa.

Kabla ya kutia pindo, pima kona kwa kona, ukiacha ile sentimita 1 ya mshono kila ukingo. Kwa 200 kwa 220, kila ulalo uwe 297. Mmoja ukisoma 300 na mwingine 294, kitambaa kimekaa upande: kinyunyizie maji, vuta ule mfupi, kiache kikauke kikiwa kimebanwa kwa pini.