Je, wajua damu yako hubeba panga lake?

Kuna asubuhi hapa Kisumu ukifika ufuo wa Dunga unakuta upepo umesukuma gugu maji lote upande wetu. Maji yapo tele, ila hayapitiki. Mashua zimekwama mpaka watu waingie na mapanga kukata njia. Damu yako nayo ingeweza kuzongwa hivyo, lau si protini iitwayo jelisolini.

Karibu kila seli ya mwili ina nyuzi za protini ya aktini, zenye unene wa takriban nanomita 7. Ndizo nguzo na kamba zake. Chembe nyeupe ya damu ikimwinda kijidudu, hufuma nyuzi upande wa mbele na kubomoa za nyuma, ikajikokota. Kwa hiyo lazima awepo mkataji. Jelisolini ni mmojawapo. Helen Yin na Thomas Stossel wa Marekani waliieleza mwaka 1979, baada ya kuipata katika seli za mapafu ya sungura, wakaipa jina kwa kazi yake: aktini iliyoshikana kama jeli huilegeza ikawa majimaji.

Tena haikati ikaondoka. Hubaki imeng'ang'ania ncha ya uzi kama kifuniko, uzi usirefuke tena upande huo. Wakata gugu maji hawana panga la namna hiyo. Wakilikata leo, baada ya majuma machache limetanda upya.

Kinachonistaajabisha zaidi ni kalsiamu. Ndani ya seli huwa haba mno, basi jelisolini hukaa imejikunja, makali yamefichwa. Kalsiamu ikipanda, hujikunjua na kukata. Kwenye damu kalsiamu haikosekani, kwa hiyo jelisolini ya huko iko tayari usiku na mchana. Na ina sababu. Mtu akiungua vibaya au akiumia ajalini, seli hupasuka na aktini yake humwagika damuni, ambako nyuzi ndefu zingeufanya utegili, yaani maji ya damu, uwe mzito. Jelisolini huzikatakata, kisha protini inayobeba vitamini D huvidaka vipande.

Kazi hiyo huimaliza jelisolini yenyewe. Kwa waliojeruhiwa vibaya kiwango chake damuni hushuka, na mwaka 1988 watafiti waliripoti upungufu huohuo kwa wagonjwa wa malaria ya falsiparamu, ile aina kali, wakashuku kupasuka kwa seli nyekundu. Kwetu tuliozaliwa kando ya ziwa hili, hilo si jambo la mbali.

Sasa ukitaka kuichunguza jelisolini utaitoa wapi? Kuichuja kutoka damu ya watu ni taabu. Ndiyo maana jeni ya binadamu hupandikizwa katika bakteria Escherichia coli, jamaa ya wale wanaoishi matumboni mwetu. Insulini ya binadamu ilipatikana hivyo mwaka 1978, na Marekani ikaiidhinisha kama dawa mwaka 1982. Bakteria husoma maagizo ya jeni na kuunda protini yetu kana kwamba ni yao. Kisha hupasuliwa, na protini husafishwa hatua kwa hatua hadi ibaki yenyewe.

Itie pamoja na nyuzi za aktini zilizopakwa rangi ing'aayo, ongeza kalsiamu, halafu chungulia kwenye darubini. Utaziona zikikatika, moja baada ya nyingine.