Kano ya kisigino kwenye theluji: niliyojifunza kabla ya kumjibu mgonjwa wangu

Mgonjwa wangu mmoja, mwalimu anayekimbia kila alfajiri kutoka Kirumba hadi Capri Point, hapa Mwanza, aliniuliza hivi karibuni kama kano yake ya kisigino, ile inayounganisha shavu la mguu na mfupa wa kisigino, inayomsumbua tangu mwaka jana, itamruhusu kupanda Kilimanjaro. Swali hilo nalifahamu, kwa kuwa niliwahi kujiuliza mwenyewe nilipokuwa masomoni Marekani, nikiwa na maumivu yaleyale niliyoyapata kwa kukimbia kwenye vilima vya mawe vya jiji letu, wakati wenzangu waliponialika kupanda Mount Washington, jimboni New Hampshire, katika majira ya baridi.

Kwa kimo, mlima huo una mita 1,917, hata theluthi ya Kilimanjaro haufiki, lakini ndio ambao kileleni pake, tarehe 12 Aprili 1934, ulipimwa upepo wa kilomita 372 kwa saa. Kilele nilikikataa mapema. Nilikubali kwenda Hermit Lake tu, mwendo wa takriban kilomita 4 kutoka Pinkham Notch, wenye mpando wa zaidi ya mita 500. (Huko juu nilipiga hesabu nikacheka: ni mita 1,170 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Victoria liko mita 1,134. Nilikuwa nimehema kwa muda wa saa tatu ili nifike kimo cha nyumbani.)

Theluji nene haikanyagiki kwa buti peke yake, hivyo mtu hufunga chini ya buti fremu pana yenye meno ya chuma (kwa Kiingereza snowshoe), ambayo hutawanya uzito wa mwili asizame. Buti hufungwa upande wa mbele tu, na kisigino hubaki huru kuinuka na kushuka. Hapo ndipo penye matatizo kwa mwenye kano mbovu. Kwenye mpando mkali kisigino hushuka chini kuliko vidole, sawasawa na anayepanda ufuko wenye mchanga laini akitoka majini. Shavu la mguu huvutika hadi mwisho, kisha hutakiwa kuusukuma mwili mzima juu likiwa bado limevutika. Kama maumivu yako yapo pale kano inaposhikamana na mfupa wa kisigino, mkunjo huo pia huibana kano dhidi ya mfupa, na kwa maoni yangu mtu wa namna hiyo ana sababu kubwa zaidi ya kujihadhari kuliko mimi, ambaye maumivu yangu yalikuwa sentimita chache juu zaidi.

Dawa yake ni kipande kidogo cha waya mnene kilicho nyuma ya fremu, ambacho hukunjuliwa na kusimama chini ya kisigino ili mguu ukae karibu na usawa hata mlima ukiwa umeinama. Niliwaona wenye afya zao wakikidharau. Mimi nilikikunjua kila palipoinuka, nikakilaza kila palipokuwa tambarare, kwa sababu kwenye tambarare humsukuma mtu mbele na kumharibia mwendo. Nilifupisha hatua, nikaegemea fimbo mbili, na nusu saa ya kwanza nilikwenda polepole hadi mguu upate joto.

Lakini siku ile isingewezekana bila miezi iliyotangulia. Wagonjwa wengi hudhani kano inayouma inataka kupumzishwa, kumbe kano iliyopumzishwa muda mrefu hudhoofika, na safari ya kwanza baada ya mapumziko huiumiza upya. Mwaka 1998 Håkan Alfredson na wenzake nchini Sweden walieleza mazoezi ya kushusha kisigino taratibu kwenye ukingo wa ngazi, mara mbili kwa siku, kwa wiki 12. Nami niliyafanya yote, hata siku nilizochukia. Mwaka 2007 Karin Grävare Silbernagel na wenzake, huko huko Sweden, walionyesha kwamba wagonjwa walioruhusiwa kuendelea kukimbia huku wakipima maumivu hawakupona vibaya kuliko waliozuiwa, ilimradi wote wanafanya mazoezi. Kipimo ni cha sifuri hadi kumi: maumivu yasivuke tano, hata asubuhi inayofuata, na yasiongezeke wiki hadi wiki.

Nilipanda nikiwa kwenye tatu. Karibu na mwisho ilifika tano, nikasimama, nikanywa chai, ikarudi nne. Kushuka, ambako nilikuogopa, kulikuwa nafuu kwa kano, kwani mzigo ulihamia magotini. Kesho yake kisigino kilikakamaa kama dakika kumi, kama ilivyokuwa kawaida yake wakati huo. Walipokwenda tena siku ya tatu nilibaki, maana kano huhitaji muda baada ya mzigo mzito.

Kwa hiyo mwalimu nilimwambia anaweza kwenda, ila si mwezi huu. Sasa yuko wiki ya saba ya mazoezi ya ngazi. Juzi aliniletea orodha ya dawa za safari, nikaona siprofloksasini, antibiotiki ya kundi la fluorokwinoloni, aliyonunua duka la dawa kwa ajili ya kuharisha. Dawa za kundi hilo zinajulikana kuongeza hatari ya kano ya kisigino kuvimba, hata kukatika; mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo zito liwekwe kwenye maelezo yake. Nilimrudisha kwa daktari wake na karatasi yenye mstari mmoja: mgonjwa ana ugonjwa wa kano, tafadhali mwandikie nyingine.