Msongo wa mawazo, mkao mbaya na shingo inayokakamaa

Msimu wa Idi, fundi cherehani hana muda wa kunyoosha mgongo. Vitambaa vimerundikana, simu inaita kila baada ya dakika chache, "fundi, yangu vipi?", naye ameinamia sindano tangu asubuhi. Jioni shingo haigeuki. Wengi watalaumu kuinama, lakini hiyo ni nusu tu ya habari.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5. Kikikaa sawa juu ya mabega, sehemu kubwa ya mzigo hubebwa na mifupa ya shingo. Kikisogea mbele, misuli ya nyuma ya shingo inalazimika kukishikilia muda wote, na msuli uliokaza bila kuachia haupitishi damu vizuri, hivyo huchoka na kuuma. Kuinama kwenyewe si kosa. Kinachoumiza ni kuganda hapo hapo. Hata anayekaa wima saa tatu bila kujisogeza ataumwa.

Nusu ya pili ni msongo. Mambo yanapokuzidi, ubongo huziamuru tezi zilizo juu ya figo zitoe homoni za kuuweka mwili tayari: adrenalini, kisha kortisoli. Moyo hwenda mbio, shinikizo la damu hupanda, pumzi huwa fupi na za juu juu, taya hubana, mabega hupanda bila mwenyewe kujua. Watafiti waliopima umeme wa misuli ya mabega wameona kwamba mtu akipewa tu hesabu za kichwa azifanye haraka, misuli hiyo huanza kukaza, ingawa mikono imetulia.

Mwaka 1991 mtafiti wa Sweden, Göran Hägg, alitoa maelezo yanayojulikana kama nadharia ya Cinderella. Ndani ya msuli kuna nyuzi ndogo ambazo huanza kazi kwanza hata mzigo ukiwa mwepesi, na hupumzika za mwisho, kama Cinderella, yule binti wa hadithini anayeamka wa kwanza kufanya kazi na kulala wa mwisho. Ni nadharia bado, ila inamweleza vizuri fundi wetu: amefunga kibanda, yuko nyumbani na chai yake, lakini akilini bado anapanga magauni ya kesho, na mabega hayajashuka.

Hapo ndipo huja kichwa kinachobana pande zote mbili kuanzia kisogoni, kusaga meno usiku na usingizi wa mang'amung'amu. Dawa ya maumivu husaidia, lakini anayeimeza siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi kadhaa, anaweza kuumwa kichwa kwa sababu ya dawa yenyewe. Mikanda ya kunyoosha mgongo inayouzwa mitaani mimi siiamini sana: haimwamshi mtu kitini, wala haimpunguzii oda.

Afadhali kuinua meza ya cherehani kidogo, kusimama kila nusu saa hata kwa kufuata uzi, kushusha mabega huku ukitoa pumzi ndefu, na kukataa kazi mpya sikukuu ikikaribia. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Ila mkono ukifa ganzi au kukosa nguvu, shingo ikikaza pamoja na homa, au maumivu ya kifua yakisambaa hadi taya au mkono, usitafute wa kukuchua. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.