Kompyuta inayojizima ovyo si lazima iwe na virusi

Kompyuta ya dukani iliyoungwa na fundi ikianza kujizima au kutoa skrini ya buluu, wengi husema ni virusi, dawa yake kupiga Windows upya. Lakini kasoro ikiwa kwenye vifaa, Windows mpya nayo itaanguka vilevile, na data za mauzo zimeshafutwa bure.

Anza na RAM, yaani vijiti vya kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Zima XMP (mpangilio unaoiendesha RAM kwa kasi zaidi ya kawaida) kwenye BIOS (menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka), kisha washa MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi, uiache imalize mizunguko 4. Hata kosa 1 halivumiliki. Ukiliona, pima kijiti kimoja kimoja katika tundu lile lile. Kosa likijitokeza kwa kijiti kimoja tu, hicho ndicho kibovu. Likijitokeza kwa vyote, shuku tundu au bodi.

RAM ikiwa safi, geukia pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), bila kuifungua, kwani ndani hubaki chaji ya hatari. Ukiupima kwa mita, waya wake wa njano unapaswa kusoma kati ya volti 11.4 na 12.6. Pima mashine ikiwa na kazi nzito. Ikitulia, hata saplai mbovu huweza kusoma vizuri. Tukio namba 41 la Kernel-Power katika rekodi za Windows, ambalo mafundi hulishika kama ushahidi wa saplai mbovu, husema tu kwamba mashine ilizimika ghafla.